Ratri na ufunguo mkubwa wa Mwalimu

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu. Ratri Wulansih anazima pikipiki nje ya nyumba ya kusomea ya kijiji cha Sumberwaru, anavua kandambili, anapiga hodi kabla ya kukanyaga kizingiti. Mlango uko wazi, na aliyemo ndani ndiye aliyempigia simu aje. Lakini huku kwenye miteremko ya mlima Merapi, kisiwani Java, mtu haingii kwa mwenzake bila hodi, hata kama paa linaungua.

"Karibu, Mbak, dada yangu, pita ndani," anaitikia Bu Sarjinah, yaani Mama Sarjinah, mwenyekiti wa kamati ya nyumba hiyo, sahani ya tempe ya soya ya kukaanga mkononi. "Njoo umwone mgonjwa wako. Leo tena kagoma."

Mgonjwa ni kompyuta kuukuu iliyoletwa kwa msaada, yenye kicharazio kilichofutika herufi. Bu Sarjinah anaandika jina linalotumiwa na wasomaji wote, kisha nenosiri. Skrini inakuwa nyeusi, inapepesa, halafu inarudi palepale kuuliza jina na nenosiri. Anaandika tena. Inarudi tena.

"Unaona? Kama mlevi aliyesahau kwamba tumeshasalimiana," anasema. "Mbak, hebu niambie ukweli. Mashine zako zina shetani wa Jumatatu?"

Ratri anacheka. Anakunywa chai kwanza, maana kuikataa chai ya Bu Sarjinah ni kutangaza vita, kisha anaita ukurasa mweusi wa maandishi matupu. Anapekua mafaili yaliyofichwa, anaandika amri moja fupi, anabonyeza. Skrini inafunguka na picha zake zote: vitabu, michezo ya hesabu, kurasa za kuchorea.

"Hakuna kilichoharibika," anasema. "Kuna faili moja dogo limebadilisha mmiliki. Lilikuwa la wasomaji, sasa limeandikwa la msimamizi mkuu. Msomaji akija kuwasha skrini yake anakuta faili lake limeshikwa na mkubwa. Hana ruhusa ya kuligusa. Basi anarudishwa mlangoni."

"Na huyo mkubwa ni nani?"

Ratri anaichungulia chai yake. "Ni jina tu la ndani ya mashine, Bu."

Hapo hakusema uongo. Ila ukweli alioubakiza ulikuwa mkubwa kuliko alioutoa, na ulikuwa umemnyima usingizi kwa majuma kadhaa.

Ratri ana miaka thelathini na sita. Kazi hii aliianza kwa kufagia katika duka la intaneti mjini Muntilan, ambako mwenye duka alichoka kununua programu na kuweka mfumo huria wa Linux, usiolipiwa. Wateja wakikwama, mwenye duka akiwa amesinzia, aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mfagizi. Akajifunza. Leo anatunza kompyuta za nyumba za kusomea katika vijiji vitano. Kila kijiji kinamlipa rupia laki mbili kwa mwezi kikikumbuka, na kisipokumbuka kinampa kikapu cha salak, matunda yenye ganda la magamba kama ya nyoka.

"Nyumbani kwetu tunakula salak mpaka tunaota magamba," anasema mumewe, Tunggul, ambaye huchonga vinu vya mawe vya kusagia pilipili. Lakini ukimtazama anavyompakia mkewe vifaa kwenye pikipiki kila asubuhi, unaelewa kwamba hana malalamiko ya kweli.

Ratri hueleza kazi yake kwa maneno ambayo hata bibi wa sokoni anayafuata. "Ndani ya mashine hii ni kama mtaa. Kila mtu ana nyumba yake na vitu vyake. Yupo mmoja tu mwenye ufunguo wa nyumba zote, ndiye msimamizi mkuu. Huyo akiingia nyumbani kwako akawasha skrini yake humo, kila anachogusa kinageuka chake. Wewe ukirudi, kitasa cha mlango wako si chako tena."

Dawa ni kumrudishia mwenyewe vitu vyake. Ni amri ya mstari mmoja. Ratri angeweza kuiandika amefumba macho, na kila Jumatatu aliiandika. Kila Jumatatu iliyofuata shetani alikuwa amerudi.

Manung'uniko yakaanza. Mfumo wa Mbak Ratri ni mgumu. Mfumo wa Mbak Ratri si wa watu wa kawaida. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akajitokeza, akasema yuko tayari kuzifuta mashine zote, aweke mfumo wake na kuzihudumia yeye. Kamati ikapanga kulijadili jambo hilo Jumamosi alasiri. Sumberwaru wakikubali, vijiji vingine vinne vitafuata, kwa kuwa huku kijiji kimoja kikipaka uzio rangi ya bluu, baada ya mwezi nyuzio zote ni za bluu. Ratri angebaki na pikipiki na jina baya.

Kilichomtesa ni kwamba alimjua shetani huyo. Alikuwa Pak Sudarsana.

Pak Sudarsana, Bapak yaani baba wa wote, ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na mitatu. Nusu ya kijiji ilijifunza kusoma mbele yake, Ratri akiwamo. Nyumba ya kusomea yenyewe ni sebule yake, aliyoitoa bila kudai hata sukari. Jumapili, watoto wakiwa hawapo, mzee hukaa pale peke yake kuchapa mialiko ya karamu za dua za majirani, kwa sababu hakuna anayeandika mwaliko kwa Kijava cha heshima kama yeye. Na ni yeye peke yake kijijini, mbali na Ratri, mwenye nenosiri la msimamizi mkuu.

Nani alimpa? Ratri mwenyewe.

"Siku ya kuweka mfumo nilifika mahali pa kumwandikisha," anakumbuka, na hata sasa anafunika uso. "Mashine ikaniuliza: huyu ni mtumiaji wa aina gani? Nikatakiwa kuchagua 'wa kawaida'. Mkono ukagoma. Mtu aliyenishika vidole nikaandika herufi yangu ya kwanza, leo nimwandike wa kawaida? Nikampa nenosiri kubwa. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, nimeinama."

Fundi wa nchi nyingine angekwenda tu kumwambia mzee aache. Lakini kwa Wajava kumwambia mwalimu wako kwamba amekosea ni sawa na kumvua kofia mbele ya wageni. Basi Ratri akafunika kombe kila Jumatatu, na mwanaharamu hakupita.

Ijumaa jioni Tunggul alichoka kumwona mkewe akigeuzageuza wali kwenye sahani.

"Dik," akamwita kama mdogo wake, "wewe si ndiye unayefukuza mashetani ya kompyuta? Mzee mmoja mwenye miwani anakushinda?"

"Si mzee tu, Mas. Ni mwalimu wangu."

"Alikuwa mwalimu wangu pia. Mimi alinichapa, wewe alikusifu. Ningekuwa na haki ya kuogopa mimi." Akacheka. "Heshima si utumwa, Dik. Nenda ukamwambie."

Jumamosi asubuhi Ratri alikwenda, kinu kipya cha mawe kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Mwandishi wa habari hizi alikuwapo. Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya kikohozi cha mzee, bei ya salak na moshi wa mlimani. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Mwandishi alianza kuamini kwamba jua litazama na kompyuta haitatajwa.

"Samahani sana, Pak," Ratri akasema hatimaye, macho yakiwa sakafuni. "Nina swali la kijinga."

"Uliza, nduk," akajibu mzee, akimwita kama watu wa huku wanavyowaita binti zao.

"Jumapili, Bapak ukitaka kuchapa mialiko, unawasha skrini kwa jina gani?"

"Naanza na la wasomaji, kama kila mtu. Lakini printa inanikatalia, inasema sina ruhusa. Basi nafunga picha zote, nabaki kwenye ule ukurasa mweusi, nachukua ule ufunguo mkubwa ulionipa, nawasha skrini upya. Nachapa, nazima. Kwani siyo hivyo?"

"Unawasha kwa ufunguo mkubwa ukiwa bado kwenye nyumba ya wasomaji?"

"Sasa niwe wapi, nduk? Mimi nina nyumba gani humo ndani?"

Ratri akashika mdomo. Kumbe printa! Hakuwa amewapa watumiaji wa kawaida ruhusa ya kuitumia, na hakuwahi kujua, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, ila hawakusema jinsi ya kumuuliza mwalimu wako.

Akamweleza yote, taratibu, na kila alipofika kwenye kosa akajibebesha yeye. Mzee akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo Jumatatu zote hizo ni mimi."

"Ni ufunguo, Pak."

"Ufunguo hautembei wenyewe." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sarong. Ratri alionekana kama mtu anayetamani ardhi ipasuke. "Sasa na mimi nikwambie, nduk. Ule ufunguo siupendi. Nenosiri lake refu, vidole vinaniuma. Na kila nikiutumia mashine inanionya kwa maandishi ya kutisha, kama hakimu. Nilikuwa naogopa kila Jumapili."

"Sasa mbona Bapak hukuniambia?"

"Ulinipa kwa mikono miwili! Nikasema nisipoutumia, mtoto huyu ataona nimeidharau zawadi yake."

Walitazamana. Kisha mzee akaanza kutikisika mabega, na Ratri akamfuata, wakacheka mpaka mke wa mwalimu akaja kutoka jikoni kuuliza nani kafa. Walikuwa wamestahiana mpaka karibu wakivunje kile walichokijenga pamoja.

Baadaye Ratri aliketi mbele ya kompyuta na mzee pembeni yake, kama zamani, ila wamebadilishana viti. Akafungua sehemu ya kuandikisha. Mashine ikauliza swali lilelile. Vidole vyake vikasita tena juu ya kicharazio.

"Andika tu," mzee akasema. "Huyo wa kawaida ndiye nani hasa?"

"Ni mtu mwenye nyumba yake mwenyewe, Pak. Vitu vyake ni vyake, na hagusi vya jirani."

"Basi nipe hiyo. Miaka yote nimewafundisha nini kingine?"

Ratri akaandika. Akawapa watumiaji wote ruhusa ya printa, akabadilisha lile nenosiri refu. Mzee akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja. Skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikafunguka bluu. Mwaliko wa kwanza ukatoka kwenye printa bila mtu kukatazwa kitu.

Alasiri, kamati ilipokaa, Ratri alikuwa amejiandaa kusema kosa ni lake na kuishia hapo. Hakupewa nafasi. Pak Sudarsana alisimama kabla chai haijazunguka.

"Shetani wa Jumatatu ni mimi," akasema. "Mbak Ratri keshanipunga. Tuendelee."

Bu Sarjinah alipaliwa na tempe. Wengine wakatazama mikeka. Habari ya mfanyabiashara wa mjini haikutajwa na mtu yeyote. Kikao kilihamia kwenye paa linalovuja, na huko watu waligombana kwa raha zao.

Ratri sasa ana mpango. Anataka kumfundisha Bu Sarjinah ile amri ya mstari mmoja, ili siku faili likibadilisha mmiliki tena kijiji kisimsubiri mtu wa pikipiki. Kisha atazunguka kwenye vile vijiji vinne vingine, maana anakiri kwamba huko nako, kila alipomkuta mzee wa kuheshimiwa, alimpa ufunguo mkubwa.

"Nitaanza na mkuu wa kijiji cha juu," anasema. "Yule itabidi nimwendee na kuku."

Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, simu yake inaita akiwa anawasha pikipiki. Ni Bu Sarjinah. Tunggul anaacha kuchonga. Ratri anapokea kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Bu. Imegoma tena?"

"Hapana, imewaka yenyewe vizuri kabisa. Watoto wameshaanza kuchora."

"Sasa kuna nini, Bu?"

"Hakuna kitu, Mbak. Jumatatu zote nimezoea kukupigia. Nimeona leo nikinyamaza si adabu. Njoo unywe chai."

Ratri anaitazama simu, anamtazama mumewe, kisha anavaa kofia ya pikipiki na kwenda.