Mke Wangu Alipomwitikia Sego

Masika yalikuwa yanaaga, na ndege wa keremkerem waliokuja na mvua walikuwa wanajikusanya waondoke. Jumapili hiyo tukatoka Bombambili, mimi na mke wangu, tukapanda pembeni ya msitu wa Matogoro kuwatazama. Nilivaa shingoni darubini niliyojizawadia nilipohitimu kidato cha nne masomo ya jioni, kitambi kikiwa kimetangulia cheti. Kwa darubini hiyo naona kope za kunguru aliyeko Msumbiji.

Kuhusu nyuki tulikubaliana: tukisikia mvumo, tunageuka. Mwaka juzi nyuki mmoja tu alimvimbisha mke wangu koo, nusura nibaki mjane.

Tukiwa tumepumzika chini ya mti wa msuku, kindege cha kijivu kikaanza kulia juu yetu, kama kiberiti kinachotikiswa. Mke wangu, binti wa mrina asali wa Tunduru, akakiitikia: "Brrr-hm." Kisha akajiziba mdomo.

"Umefanya nini, mama?"

"Sego huyo. Baba akimwitikia hivyo, ndege anampeleka kwenye nyuki. Imenitoka tu, kama marahaba."

"Mwambie tumeghairi."

"Haghairiwi, baba watoto. Tushuke."

Tukashuka. Sego akatutangulia tawi hadi tawi, kwa njia ileile yetu, akidhani tunamfuata. Kwenye mti wenye pango, kando ya njia, akanyamaza. Ndipo nikausikia mvumo. Asubuhi tulipita hapo kwenye baridi, nyuki wamejikunyata. Sasa jua limewaamsha. Upande wa pili ni korongo.

Mke wangu akajifunika kitenge kichwa chote, akashika shati langu mgongoni.

"Usikimbie. Usipunge mkono. Bismillahi."

Mimi ninayejigamba kwamba niliwahi kumkodolea macho chui mpaka akaomba radhi, nilinyata kama mwizi wa kuku.

Tukapita. Nilipogeuka, nyuki mmoja alikuwa anatembea juu ya kitenge, usawa wa sikio. Sikumgusa. Sikusema. Tukatembea naye hivyo, akipanda, akishuka, mpaka barabarani. Nikageuka tena, simwoni.

"Wameisha?" akauliza kutoka ndani.

"Usijifunue kwanza."

Nikaanza kufungua mkunjo mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Chini ya shingo nyuki yule akatokeza, akatambaa kwenye kiganja changu. Nikakifumba.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikamjibu, ngumi ikiwaka moto. "Jifunue."