Sauti Niliyofundishwa na Darasa Langu

Nilipelekwa Msambweni miaka ya mwanzo ya uhuru, kijana wa bara mwenye cheti kipya na majivuno ya watu watatu. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri walikuja watu wazima kujifunza Kiingereza, maana serikali ilikuwa yetu sasa, lakini fomu zake zilikuwa bado za Mwingereza.

Siku moja tukafikia ile sauti ya kuweka ulimi katikati ya meno. Nikaandika ubaoni "think", nikaeleza kuwa maana yake ni kufikiri, kisha nikatamka kwa mamlaka: "Sink. Semeni nyote, sink."

Mama mmoja muuza samaki, aliyewahi kuwapikia Wazungu Diani, akauliza, "Mwalimu, sink si kuzama?"

"Yanakaribiana," nikasema.

Mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani, bwana mnene aliyekaa benchi la mbele, akainua kidole. "Samahani, mwalimu. Sauti hiyo si ile ya thelathini?"

"Ndiyo hiyo," nikamjibu. "Ya selasini."

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupenga kamasi. Kisha wakasema "think" mmoja mmoja, safi kabisa. Muuza samaki, asiye na meno mawili ya mbele, aliisema vizuri kuwashinda wote.

Kesho yake nilikwenda chuoni kwa yule bwana nikamwambia nataka kusoma.

"Wanafunzi wangu huanza na miaka mitano," akasema, "lakini tutakuvumilia."

Akaniketisha mkekani mbele yake. "Uma ulimi. Si kuukata, uuume tu. Haya, pumua." Nikapumua, mate yakamrukia kifuani. Akajipangusa. "Kanzu imeshatawadha. Tena."

Kwa wiki mbili nilitamka thelathini njiani, jikoni na msalani. Mwenye nyumba wangu akaniuliza kama nilikuwa nahesabu kunguru.

Kisha akaja mkaguzi, Mzungu aliyebaki baada ya bendera kubadilishwa. Alisikiliza darasa langu likisema "thirty-three thin thieves" bila kosa hata moja. Akanisifu, akauliza nilitumia njia gani.

"Mazoezi tu, bwana," nikasema. Mwalimu wa chuo alikuwa pale pale mbele, akinitazama. Masikio yakaniwaka moto.

Mkaguzi alipoondoka nikamfuata mwalimu wa chuo. "Niwie radhi. Sifa zile zilikuwa zako."

"Umesema radhi au razi?"

"Radhi," nikarudia, ulimi nje.

"Basi nimekusamehe."

Hata hivyo nilimwandikia mkaguzi barua kumweleza ukweli. Hakunijibu. Lakini tangu mwaka ule, kila tulipofikia sauti hiyo, nilimkabidhi bwana yule chaki, nikakaa benchi moja na muuza samaki, naye alinisahihisha bila huruma.