Lori Lisilovuta Pumzi Halivuti Mzigo

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mama Pumzi ameinama juu ya injini ya lori la kokoto, kiganja chake kimekumbatia mpira mweusi unaopeleka hewa kwenye injini. Hana spana mkononi. Anasubiri.

“Piga resi,” anamwambia dereva.

Injini inanguruma. Moshi mweusi unafumuka nyuma na kulamba ukuta wa mabati wa gereji. Mama Pumzi hautazami. Anausikiliza mpira kwa kiganja, na kiganja kinamwambia alichokuwa akikitafuta tangu jana: kila injini inapopanda sauti, mpira unabonyea ndani kama shavu la mtu anayenyonya ubuyu.

“Zima. Nimempata mwizi wako.”

Dereva anashuka haraka. Wenzake machimboni humwita Kobe, kwa sababu lori lake hupanda mlima likiwa na msururu wa honi nyuma yake. Wiki iliyopita mmoja alimpitia ubavuni na kumuuliza kama aletewe mto alale hapohapo.

Kobe hana hamu ya utani. Lori ni la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na shemeji amesema neno moja tu: Ijumaa. Ikifika Ijumaa lori bado linashindwa mlima na mzigo kamili, linauzwa chuma chakavu, na Kobe atafute usukani mwingine. Leo ni Jumatano.

Mafundi watatu wamekwisha kulishika. Wa kwanza alibadilisha chujio la hewa, wa pili nozeli zinazopuliza dizeli. Wa tatu, jirani wa Mama Pumzi anayejisifu kuwa mganga wa pampu, aliikaza skrubu ya pampu ili dizeli iingie zaidi. Moshi ukaongezeka, nguvu ikabaki palepale.

“Walisema linapumua moto sasa,” anasema Kobe.

“Moshi si nguvu, mwanangu,” anajibu Mama Pumzi. “Moshi ni dizeli iliyokosa kazi.”

Anaufungua mpira na kumwonyesha. Kwa nje unang’aa kama ulionunuliwa jana. Kwa ndani, tabaka la pili limebanduka. Injini ikiwa imetulia, tabaka hilo linalala kimya. Injini ikihitaji hewa nyingi, linajikunja na kuziba njia.

“Kama ndoa za watu,” anasema. “Sebuleni picha, chumbani kila mtu na ukuta wake.”

Jina lake lilitokana na neno moja. Kila dereva akija na kilio kwamba gari halivuti, mafundi wengi husikia mzigo. Yeye husikia pumzi. “Kuvuta ni neno moja lenye kazi mbili,” anaeleza. “Kabla gari halijavuta mzigo, linavuta hewa. Nyinyi mnalikaba koo, halafu mnalipiga kwa kuwa halikimbii.”

Maneno hayo hayakumjia bure. Ana miaka arobaini na minne, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza chini ya malori. Ufundi alifundishwa na baba yake mdogo, na mwaka wa tatu alimuunguzia injini huyohuyo mwalimu wake. Alikaza pampu ya lori la baba mdogo ili lipande kwa mbwembwe. Lilipanda siku nne. Siku ya tano pistoni ikayeyuka.

“Hakunigombeza,” anasema. “Alinipa ile pistoni, akaniambia niiweke karibu na mto. Ningepigwa ningesahau.”

Mpira mpya unafungwa kabla ya saa nne. Pampu inarudishwa kwenye kipimo chake. Lakini Mama Pumzi hajamaliza. Anamtuma Kobe azunguke mtaa, na akirudi, fundi analimwagia kila gurudumu kikombe cha maji. Matatu yanakaa kimya. La nne, nyuma kulia, linachachatika kama kikaango: breki yake inashika hata mguu ukiwa mbali.

“Umekuwa ukipanda mlima huku umeshikwa shati,” anamwambia.

Breki inalegezwa. Magurudumu yanajazwa upepo yakiwa yamepoa. Kisha, ili kupunguza uzito, zinashushwa nondo tisa, tairi la pili la akiba na kinga ya chuma ya mbele aliyoifunga Kobe kwa ajili ya urembo. Hiyo inawachukua watu wanne kuibeba. Kobe anatazama urembo wake ukiondoka.

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kokoto zimejaa hadi ukingoni. Shemeji amesimama juu ya mlima, saa mkononi. Mlima ni kilomita mbili, na lori hili huupanda kwa dakika ishirini na mbili, pamoja na mapumziko mawili ya kupoza injini. Mama Pumzi amepanda mbele, kando ya Kobe.

Wanaingia mlimani kwa gia ya tatu. Lori linapanda. Nusu ya njia, pale penye kona anapozoea kushindwa, mkono wa Kobe unaachia usukani wenyewe na kuifuata gia.

“Usiguse.”

“Litazima, Mama.”

“Likizima nitashuka nilisukume mimi. Rudisha mkono.”

Kobe anarudisha mkono. Injini inashuka sauti, inashuka tena. Kisha sauti inashika, nzito, bila kukohoa, na kona inapita dirishani. Nyuma hakuna honi. Msururu umebaki chini.

Dakika saba.

Shemeji halisifu lori. Analizunguka, anainama kutazama bomba la moshi, anamtazama Kobe.

“Kesho safari tano,” anasema, kisha anaondoka. Kobe alikuwa akipiga mbili.

Ila kilichobaki kichwani mwa Mama Pumzi si mpira wala breki. Ni ule mkono. Lori lilikuwa limepona, lakini dereva alikuwa bado anaendesha lori gonjwa.

Kwa hiyo sasa ana mpango. Kila Jumamosi asubuhi, kuanzia mwezi ujao, atawafundisha madereva machimboni: kupima upepo, kugusa mpira, kumwaga maji kwenye magurudumu, na kuuamini mguu kwenye mafuta kabla mkono haujakimbilia gia. Kumi na mmoja wamejiandikisha, na wa kwanza kujiandikisha ni Kobe.

Ujumbe wa kumi na mbili ulifika jana kutoka kwa mganga wa pampu. Anauliza kama na mafundi wanaruhusiwa.

“Mwambieni aje,” anasema Mama Pumzi, akijifuta mikono. “Ila atakaa mbele, nimwone.”