Mume Wangu na Disketi ya Padri

Wanawake wengine huonewa wivu na waume zao. Mimi, mume wangu Wilfried hakunionea wivu hata siku moja. Wivu wake wote aliupeleka kwa kompyuta.

Miaka mitatu alifundisha Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa mjini Baraka bila mashine, kwa makopo ya maziwa na maharagwe. Kila kopo aliliandika herufi kwa makaa, likawa ndiyo variable, yaani mahali kompyuta inapoweka thamani moja tu: ukitaka kutia maharagwe mapya, ya zamani lazima yatoke. Aliyekosea alivutwa sikio. Na nyumbani nikakosa hata kopo la kupimia unga.

Mwanzoni mwa 1998 padri akaleta kompyuta moja, jenereta, na disketi yenye masomo. Programu ile iliuliza swali; mwanafunzi akikosea ilimdokezea kidogo, kisha ikaandika: Essaie encore, jaribu tena. Wanafunzi wakaipenda ajabu. Émilienne, mwanafunzi wake aliyekuwa akija kwetu kila jioni na maswali yake, akaacha kuja. Mume wangu akawa anakaa barazani anatazama njia, chakula kinapoa. Nilimcheka, lakini aliumia kweli. Bila yule binti alijiona si mwalimu tena.

Basi akatangaza darasani kwamba disketi imeingiwa na virusi, ameitupa. Mimi niliikuta ndani ya mfuko wa mahindi. Nikanyamaza, na hilo ni kosa langu.

Agosti vita vikarudi, tukakimbilia Lulimba kwa miguu. Huko, uani kwa wenyeji wetu, tukamkuta Émilienne, naye mkimbizi kama sisi. Amezungukwa na watoto, makopo yenye herufi za makaa, na maharagwe. Wilfried akacheka mpaka jino la mwisho. Kisha mtoto mmoja akakosea. Mkono wa mume wangu ulishaanza kutafuta sikio, Émilienne akamwambia mtoto polepole:

"Essaie encore. Angalia mu kopo. Ile ya zamani ulitoa?"

 Wilfried akatoa disketi mfukoni mwa shati, kumbe alikuwa ameibeba njia nzima, akampa.

"Ni ile ya virusi?" Émilienne akauliza.

"Eh... virusi ilitokaka yenyewe. Mu njia, jua ilikuwa kali..."

Binti akaitazama disketi, akamtazama na yeye. Hakukasirika.

"Essaie encore, mwalimu."

Wilfried akaketi chini kati ya watoto.

"Haikukuwa na virusi, mutoto yangu. Mi nilikuwa na wivu."