Bibi Aliyeizuia Safari

Fermin Abrenica alikuwa mfua nguo katika nyumba moja ya wazee hapa Winnipeg, na kama kulikuwa na Mfilipino mpweke kumzidi, mimi sijamwona. Hana mke, hana mtoto, wazazi walishazikwa. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwangu na bakuli lake nimpakulie mchuzi mchachu wa samaki. Nikimtania, "Oa basi, unanimalizia sufuria!" alicheka, lakini akishakula alibaki kitini, hataki kurudi chumbani kwake.

Tumaini lake lilikuwa Delfa, binamu yake aliyeishi kisiwani Samar, kule Ufilipino. Sheria ya Kanada inamruhusu mtu asiye na ndugu wa karibu kumleta jamaa mmoja. Ila mwenye bibi aliye hai hahesabiwi mpweke. Anaambiwa amlete huyo bibi. Na bibi yao, Sabel, aliyetunzwa na Delfa, alishakataa katakata. "Nikazikwe kwenye barafu? Nendeni nyie."

Kwetu Wafilipino simu ya video haina siri. Inasimamishwa mezani, nyumba nzima inasikiliza. Fermin alilijua hilo, lakini siku moja uchungu ulimzidi, mdomo ukafyatuka: "Delfa, tutafanyaje? Bibi akiwa hai, huji ng'o!"

Bibi Sabel alikuwa nyuma ya Delfa, anachambua mchele.

"Kumbe ni mimi?" akauliza.



Tangu hapo akawa anatema dawa zake za moyo. Delfa alimbembeleza, akamgombeza, akalia. Fermin naye alipiga simu kila siku. "Bibi, meza dawa, nakuomba. Simtaki tena mtu huku!"

"Usijali, mjukuu wangu. Nimechoka tu."

Hakumaliza msimu wa mvua.

Siku ya tisa ya sala za marehemu tulikusanyika kwangu. Mjinga mmoja akampiga Fermin begani: "Pole, kaka. Angalau sasa njia nyeupe." Nilitamani kummwagia chai. Fermin akatoka nje kwenye theluji kumpigia Delfa, nami nikamfuata na koti lake.

"Utakuja?" alikuwa anauliza.

"Kaka Fermin, umenibakia wewe tu, na nakupenda. Lakini nikija, kila tukikaa mezani tutakuwa tunamla Bibi."

"Haya, dada," akasema, na hakumwomba tena. Iliniuma sana, maana sasa haki ile ya kumleta jamaa alikuwa nayo yote, na hakuwa na mtu wa kumpa.