Kuitika Bila Kuinuka

Elpidius alikuwa mtoto mtiifu, hilo hata wambea wa kijijini kwao Nyaishozi walilikubali. Baba yake alipofariki, aliacha kazi ya ofisini Mwanza akarudi kukaa na mama yake, Benadeta. Akawa anaandika programu za kompyuta pale pale sebuleni, dirisha likitazama kibanja cha migomba.

Asubuhi hiyo alikuwa akihangaika na programu inayonasa pakiti, yaani vile vipande vya habari vinavyopita kwenye mtandao. Wateja walilalamika kwamba ukiiamuru isimame, haisimami. Kwake ilisimama kila alipoijaribu. Ndipo akachomoa waya wa mtandao, na ugonjwa ukajitokeza peupe. Programu ilipokea ishara ya kusimama, ikaitika vizuri kabisa, kisha ikarudi kungoja pakiti. Mtandao ukiwa na pilikapilika, pakiti hufika mara moja, nayo ikazinduka na kukumbuka ilichoambiwa. Mtandao ukiwa kimya, ingengoja mpaka kiyama. Kinachoudhi ni kwamba kama isingeitika kabisa, mfumo wa kompyuta ungeisimamisha wenyewe.

Mama akamwita kutoka kibanjani.

"Naam, mama. Naja."

Hakuinuka. Haikuwa jeuri, kosa la programu alikuwa amelitia mkononi na aliogopa litamponyoka. Mama naye hakuita tena. Nyumbani kwao mtu akishakuitikia humwiti mara ya pili, maana ni kama kumwambia ni mwongo. Heshima nyingine, jamani, zinaua.

Aliandika marekebisho, akajaribu, programu ikasimama papo hapo. Akatoka nje anatabasamu. Alimkuta Benadeta ameegemea mgomba, mkungu wa ndizi kando yake. Panga lilikuwa limemteleza likakata mshipa wa mguu. Alikuwa amejifunga kanga juu ya jeraha, na kanga yote imelowa. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye njia ya nyumbani.

Baada ya mazishi, jirani yao Deodatha alikuja kuketi naye. Alivuta uzi wa mkeka.

"Nilimsikia akiita, mwanangu," alisema. "Sauti haikunipendeza. Nikaacha kuanika buni, nikafika mpaka kwenye ua. Nikakusikia unaitika. Nikasema basi, mwenyewe yupo, nikarudi."

Elpidius hakumlaumu. Alilia kama mtoto mdogo, mbele ya watu, bila kujali. Angenyamaza tu, mama yake angepona.

Wateja waliyapenda marekebisho yale. Waliandika kumshukuru, na hakufungua ujumbe wao.

Siku hizi wageni humwona hana adabu. Ukimwita Elpidius, haitiki. Utasikia kiti kikianguka, kisha utamwona mlangoni.