Honi mbili, breki hakuna: Fundi wa difu na pikapu ya shemeji yake

Saa moja kasorobo asubuhi, fundi amekaa juu ya kreti la soda, ameliweka bonge la chuma katikati ya miguu kama mtu anayemwosha mtoto, na anahesabu.

"Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja."

Anatia alama ya chaki, anafuta grisi kwenye kidole, kisha anaanza upya: "Moja, mbili, tatu..."

Hii ni mara ya tatu anahesabu meno ya gia ileile. Jana jioni yalikuwa arobaini na moja, na leo hayajaongezeka. Lakini fundi huyu mwenye umri wa miaka hamsini na sita haitwi Taratibu kwa bahati mbaya. Mtaani wanasema gari likiingia kwake lina mimba, linatoka limeshazaa.

"Waache waseme," anacheka. "Wakishamaliza kusema, wanaleta magari."

Nyuma yake imeinuliwa pikapu ya bluu, imekaa juu ya vigogo, haina matairi ya nyuma. Ni ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, anayekusanya maziwa kwa wafugaji wa mlimani na kuyateremsha hadi kwenye kituo cha kupozea. Kazi yenyewe ni kuiondoa difu iliyokuja na gari hilo na kuweka nyingine ya kiwandani, yenye loki.

Kwa asiyejua, difu ni lile bonge lililo katikati ya ekseli, linalogawa nguvu ya injini kwa tairi la kushoto na la kulia. Ile ya kawaida ina ugonjwa mmoja: tairi moja likikosa pa kushika, nguvu yote inakimbilia hukohuko. Tairi la hewani linazunguka kama pia, la ardhini limetulia tuli, na gari haliendi popote.

Yenye loki ina dawa yake. Dereva anabonyeza swichi, matairi mawili ya nyuma yanafungwa pamoja, na lile lenye pa kushika linalisukuma gari. Akifika barabara nzuri anabonyeza tena, loki inaachia. Lazima iachie, kwa sababu kwenye kona tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani.

"Kiwandani pikapu hizi zilitengenezwa za namna mbili," anaeleza Taratibu. "Ya mwenye nazo, yenye loki. Na ya sisi wengine."

Difu aliyoipakata ameitoa kwenye pikapu ya mwenye nazo iliyogongwa, mbele imekunjamana kama karatasi, nyuma haina habari kwamba kulikuwa na ajali. Ikiwa mpya ingegharimu ng'ombe watano wa maziwa. Yeye ameipata kwa bei ya ndama, baada ya kuzunguka kwa wauza vyuma chakavu kwa miezi minne. Kwa mwaka hufunga difu kama hizi nane au tisa. Siku nyingine anaishi kwa kubadili beringi na oili, na anasema hajawahi kulala njaa.

Meno yanahesabiwa kwa sababu pikapu hii inavuta kwa matairi yote manne. Gia kubwa ya nyuma ikiwa na arobaini na moja na ndogo ikiwa na kumi, ya mbele nayo lazima iwe hivyohivyo, la sivyo mbele na nyuma zitagombana njia nzima.

"Kuhesabu mara moja kunatosha," anakubali. "Mara ya pili ni kwa ajili ya mteja. Ya tatu ni kwa ajili ya shemeji."

Ukimuuliza kwa nini shemeji ahesabiwe peke yake, ananyoosha kidole kwenye rafu ya juu.

Huko juu, kati ya makopo ya rangi yaliyokauka, kuna difu nyingine, kuukuu. Gia zake ndogo za ndani zimeshikanishwa kwa kuchomelewa, uchomeleaji mnene, wa kijana aliyekuwa na haraka. Kijana huyo ni yeye, miaka kumi na tisa iliyopita, enzi hizo akiitwa Moto.

Wakati huo pikapu ya shemeji, ile ya kwanza, ilikuwa ikikwama kwenye kona ya mfinyanzi, mahali ambapo barabara ya mlimani inajipinda juu ya udongo unaoteleza kama sabuni. Maziwa yalikuwa yanaharibika. Shemeji alikuja kulia kwa ndugu wa mkewe, na Moto akafanya ujanja unaojulikana na mafundi wengi wa uchochoroni: aliifungua difu akazichomelea gia. Hiyo nayo ni loki, ila haiachii kamwe.

"Ilipanda ile kona kama mbuzi," anakumbuka. "Watu walipiga makofi. Nikajiona mhandisi."

Wiki ya pili shemeji alirudi. Kule juu mambo ni mazuri, alisema, ila huku chini kwenye lami, kila akikata kona, matairi yanalia. Moto alikuwa chini ya gari la mtu mwingine. Hata hakutoka. Alimjibu kwa maneno mawili.

"Nilimwambia, 'Zoea tu.'" Taratibu anaitazama chaki mkononi. "Nilijua kwa nini yanalia. Nilijua kabisa. Nilikuwa na kazi nyingine, basi."

Wiki ya tatu, kwenye makutano ya lami, shafti ya nyuma, chuma kinachopeleka nguvu kwenye tairi, ilikatika. Pikapu iliingia mtaroni pamoja na madumu kumi na manne ya maziwa, na shemeji akavunjika paja. Alilazwa wiki kumi na moja. Hadi leo, kukiwa na baridi, anachechemea.

Hawakugombana. Walikutana misibani na harusini, wakala sahani moja, wakataniana kama shemeji na shemeji. Lakini gari hakulileta tena. Kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa alipita mbele ya gereji, akapiga honi mbili za salamu, akaendelea; gari likiharibika, alilipeleka kwa fundi wa mji wa pili, kilomita ishirini na mbili mbele.

"Honi mbili, breki hakuna," anasema Taratibu. "Bora angenitukana."

Aliyevunja ukimya ni mdogo wake, mke wa shemeji, mwanamke mnene wa sauti kubwa ambaye ndiye anayepima maziwa kwa wafugaji. Msimu huu wa mvua pikapu ilikwama mara sita. Mara ya sita alishuka akaisukuma mwenyewe, akarudi nyumbani tope likiwa limemfika kiunoni.

"Nilimwambia mume wangu, mimi ni mkeo, si trekta," anasema. "Fundi wa difu anayeaminika hapa ni mmoja. Aliteleza, akajifunza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaniambia, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikamwambia, basi shtuka, lakini gari lipeleke."

Gari likapelekwa. Shemeji aliingia gerejini juzi, mara ya kwanza tangu ajali, akasimama chini ya ile rafu akitazama juu kwa muda mrefu.

"Hilo si langu?"

"Ni lako, shemeji."

"Kumbe umemfuga adui!"

"Simfugi. Wakija vijana wananiambia, fundi, nichomelee, loki ya kweli ni ghali. Nawaonyesha hilo. Asiyejua kufa atazame kaburi."

Shemeji hakucheka. Alikabidhi ufunguo, akaondoka kwa miguu, akichechemea.

Kwa hiyo siku hii nzima fundi anafanya kazi kama anayefanya mtihani. Ganda la ekseli ya zamani halikuumbwa kupokea difu yenye loki. Pana kipande kidogo cha kukatwa, upana wa kidole gumba, na mashimo mapya ya kutoboa. Amechora kipimo kwenye kadibodi ya boksi la biskuti, anakiweka, anakitoa, anakiweka tena. Ndipo anasaga.

Akimaliza anaosha ndani kwa dizeli, anafuta, anaosha tena. "Chembe moja ya chuma ikibaki humu," anasema, "ni kama mchanga kwenye wali. Utaitafuna tu."

Saa sita difu inaingia mahali pake. Saa nane shafti zimerudi. Kisha waya, kutoka kwenye mota ndogo inayosukuma loki hadi kwenye dashibodi, ambako anaweka swichi na taa ya rangi ya chungwa. Anapobonyeza, taa inapepesa. Anazungusha tairi moja polepole kwa mkono. Ndani kunasikika kitu kikikaa mahali pake, taa inaacha kupepesa, inawaka moja kwa moja, na tairi la upande wa pili linaanza kuzunguka nalo.

"Umeona?" anasema, na uso wake wote unafurahi. Anabonyeza tena, loki inaachia. Anarudia mara kumi na mbili.

Shemeji anapokuja jioni, anasomewa masharti akiwa amekaa kwenye usukani.

"Kabla ya kona ya mfinyanzi, simama. Bonyeza. Nenda polepole mpaka taa itulie. Ukifika lami, bonyeza tena."

"Na nisipobonyeza?"

"Utajua."

"Shemeji, neno hilo silipendi."

Usiku mvua inanyesha. Asubuhi bado inanyesha, na Taratibu amefika gerejini mapema, lakini hakuna kazi inayokwenda. Anafungua nati, anaifunga, anaifungua. Anakiri waziwazi kwamba anaogopa. Difu haimpi shaka. Anachoogopa ni kwamba tatizo likitokea, hata pancha tu, shemeji hatamwambia. Atapita na honi zake mbili hadi mji wa pili, na safari hiyo hatarudi tena.

"Gari naweza kulitengeneza," anasema. "Mtu asiyekuletea gari, utamtengeneza vipi?"

Saa mbili na dakika kumi simu inalia. Ni mdogo wake, yuko mlimani, na sauti yake inasikika hadi nje bila spika.

"Kaka! Amepita! Kona ameipita na maziwa yote kama hakuna kona! Nimesimama hapa na koleo langu, sina hata pa kuchimba!"

Taratibu anakaa kwenye kreti lake. Anafuta macho kwa mkono wenye grisi na kujipaka weusi hadi kwenye sikio, wala hajali.

Furaha yake inadumu kama nusu saa. Kisha, kutoka upande wa makutano, inasikika sauti ambayo angeitambua hata usingizini: matairi yanayolia kwenye lami, kwenye kona, kwa mwendo mdogo. Anasimama. Chupa ya soda inaanguka, haiokoti.

Pikapu ya bluu inatokea. Honi ya kwanza. Honi ya pili. Taratibu hanyanyui mkono.

Halafu breki.

Inasimama mlangoni kabisa, tope hadi kwenye madirisha, madumu yamejaa nyuma. Shemeji anashusha kioo.

"Shemeji, inalia."

Fundi anatembea hadi kwenye dirisha, anaingiza kichwa. Taa ya chungwa inawaka, imetulia. Loki bado imefungwa tangu mlimani.

"Hukuzima."

"Eh?"

"Nilikwambia ukifika lami, bonyeza. Hukubonyeza."

Shemeji anaitazama ile taa kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. "Lo! Nilifurahi mno kule juu, nikasahau kila kitu."

Taratibu ananyoosha mkono, anabonyeza. Shemeji anasogeza gari mbele kidogo, nyuma kidogo, taa inazimika.

Mvua inapiga juu ya madumu.

"Ilipoanza kulia pale makutano," anasema shemeji, "nikakumbuka. Mguu wenyewe ulikumbuka. Nikasema, safari hii mimi sizoei. Nikaja."

"Usizoee," anasema Taratibu. "Kitu chochote kikilia, hata kwa mbali, usizoee. Niletee. Na ile siku... ningetoka chini ya lile gari, shemeji. Ningetoka nikakusikiliza."

Shemeji anaangalia mbele, kwenye vifuta kioo vinavyokwenda na kurudi.

"Umetoka leo," anasema. "Haya, maziwa yasije yakaganda. Na ukanawe uso, unatisha wateja."

Anaondoka. Taratibu amesimama nje kwenye mvua, ametega sikio, mpaka pikapu ifike kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Inakata kona. Matairi hayasemi kitu.

Tayari ana mpango. Kila difu yenye loki atakayofunga kuanzia sasa ataiwekea king'ora kidogo ndani, kipige kelele dereva akizidisha mwendo loki ikiwa bado imefungwa. Ameshapata kimoja, kilitolewa kwenye saa ya mezani, na cha kwanza ni cha pikapu ya bluu. Ile difu ya rafuni itabaki palepale, kwa ajili ya vijana wenye haraka.

Na yeye mwenyewe anatumaini nini? Anafikiri, taratibu.

"Kazi kubwa mtu anaweza kukuletea kwa sababu tu ana shida," anasema. "Mimi nangoja siku ambayo shemeji atasimama hapa kuniambia kioo cha pembeni kimelegea. Kioo tu. Spana namba kumi, dakika moja. Siku hiyo nitajua nimekuwa fundi wake."